Maji Yakizidi Unga, Kaktasi Huoza

Katika nyumba nyingi za mjini utaiona kaktasi ndefu, imesimama wima kama mlingoti kwenye veranda au pembe ya sebule. Hupendwa kwa kuwa haina makuu. Lakini siku inapougua, wengi hukimbilia kuimwagilia maji, kumbe mara nyingi maji yenyewe ndiyo yanayoiua. Basi, msomaji, kabla ya kutibu, chukua kijiti uligandamize shina.

Je, shina limegeuka hudhurungi chini, karibu na udongo? Ikiwa ni gumu na kavu kama gome la mti, usiwe na wasiwasi; huo ni uzee. Ikiwa ni laini, lina majimaji na pengine linanuka, huo ni uozo, nao hupanda juu upesi. Usingoje. Kata juu ya palipooza kwa kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti. Ukiona madoa ya hudhurungi ndani ya mkato, pangusa kisu tena na ukate juu zaidi, hadi nyama iwe safi kabisa. Weka kipande hicho kivulini, mahali pakavu, kwa wiki mbili hivi mpaka kidonda kifanye ngozi. Kisha kipande kwenye mchanga mwingi wenye udongo kidogo, na usimwagilie kwa wiki mbili za kwanza.

Je, mmea umesinyaa? Tia kidole udongoni. Ukiwa mkavu kabisa, hiyo ni kiu, mwagilia vizuri. Ukiwa na unyevu, mizizi huenda imeoza. Ung'oe mmea, ukate mizizi mibovu, uuache ukauke, ndipo uupande upya.

Ncha ikiwa nyembamba na ya rangi hafifu, mmea umekosa mwanga. Sehemu hiyo haitanenepa tena, lakini itakayoota baadaye yaweza kuwa nene ukiusogeza kwenye jua. Usogeze polepole, kidogo kidogo kwa wiki mbili, kwani jua kali la ghafla huubabua na kuacha makovu yasiyofutika.

Ukiona vitu vyeupe kama pamba katikati ya miiba, hao ni wadudu. Wapanguse kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti, na urudie kila wiki hadi waishe.

Kinga ni rahisi: chungu kiwe na matundu, sahani ya chini isikae na maji, na udongo ukauke wote kabla ya kumwagilia tena. Jijini Nairobi, baridi ya Juni hadi Agosti ikifika, punguza maji zaidi.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Ukikata shina likatoa utomvu mweupe kama maziwa, hiyo si kaktasi ya aina hii, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini. Yaelekea ni euforbia, na nyingi za aina hiyo humea hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Utomvu wake huunguza ngozi na waweza kuharibu macho. Vaa glavu na uwaweke watoto mbali. Ukimwingia mtu machoni, mwoshe kwa maji mengi safi, kisha mpeleke hospitali mara moja.