Kuhifadhi Si Kuhodhi: Serikali Ijenge Maghala ya Baridi

  

Ndugu msomaji, anayefika Muheza katika msimu wa machungwa hahitaji kufafanuliwa maana ya israfu. Huyaona yamerundikwa kando ya barabara, ya chini yakianza kuoza kabla ya yale ya juu kupata mnunuzi. Akipanda Lushoto hukuta matenga ya nyanya yakisubiri gari, na gari likiharibika njiani usiku mmoja tu, jasho la miezi kadhaa huishia jalalani. Sisi tunaosomesha watoto wa wakulima hawa huijua bei ya mazao bila ya kwenda sokoni, kwani huiona katika ada ya madrasa.

Tumezoea kutoa mawaidha ya israfu kwa kumlenga mlaji peke yake: huyu aliyebakisha wali katika sinia la walima, na yule aliyeacha bomba wazi akitia udhu. Mawaidha hayo ni ya haki, kwani Mtume (SAW) ametufunza kwamba hata tonge lililodondoka liokotwe, lisafishwe na kuliwa. Lakini ikiwa tonge moja lina hadhi hiyo, ni ipi hukumu ya malori kwa malori yanayooza kabla ya kumfikia mlaji? Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kuwa takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno na kabla ya kufika madukani, na kwamba matunda na mboga hupotea zaidi kuliko nafaka.

Sababu yake haina siri. Tunda lililochumwa halijafa. Lingali linapumua, na kadiri joto linavyozidi ndivyo linavyopumua kwa kasi na kujimaliza lenyewe. Ubaridi hupunguza kasi hiyo na kumpa mkulima siku, pengine wiki, za kutafuta soko. Asiye na ubaridi hana uwezo wa kulikataa neno la dalali. Dalali analijua hilo, naye huchelewa makusudi hadi jua litimize kazi yake.

Hapa pana jambo la dini ambalo hatuna budi kulitazama kwa makini. Katika hadithi ya Anas bin Malik (RA) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) amekataza kuuza matunda kabla ya dalili za kuiva kwake kudhihiri, kwa kuwa Allah akilizuia tunda lisifike, muuzaji atakuwa amekula mali ya nduguye bila ya haki. Nasi tunajua kuwa wako wakulima wanaouza shamba zima matunda yakiwa bado machanga mtini, kwa kuhofia kuwa yakiiva yote kwa pamoja hawatakuwa na pa kuyaweka. Tunamwambia mkulima kuwa biashara hiyo haifai, naye anatuuliza: nikishayachuma niyaweke wapi? Swali hilo halijibiwi kwa hotuba.

Wako ndugu zetu wanaosema kuwa kuweka chakula ghalani kwa kungojea bei ni ihtikari, yaani kuhodhi, na kuhodhi ni haramu. Hukumu ya ihtikari ni sahihi, na hadithi yake imo katika Sahihi Muslim. Kosa limo katika kuiweka mahali pasipo pake. Mwenye kuhodhi huwazuilia watu chakula wanachokihitaji ili wahangaike na bei ipande. Mwenye kuhifadhi hukiokoa kisiangamie, ili wakipate leo na wakipate tena baada ya msimu. Imethibiti kuwa Mtume (SAW) mwenyewe aliwawekea ahli zake chakula cha mwaka. Basi uwekaji wenyewe si dhambi. Dhambi ni kuwadhuru watu kwa uwekaji huo.

Tena tuizingatie Surat Yusuf. Nabii Yusuf (AS) hakuishia katika kuwahimiza watu wabane matumizi. Alibainisha njia ya kuhifadhi inayolingana na zao lenyewe, kwamba nafaka iachwe katika mashuke yake. Kisha akaomba asimamie hazina za nchi, akitaja sifa mbili alizokuwa nazo, uaminifu wa kuhifadhi na ujuzi. Akiba ya umma ilikuwa kazi ya dola, wala hakuachiwa kila mkulima apambane na ukame peke yake.

Serikali yetu inaukubali msingi huu katika nafaka. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanzishwa mwaka 2008, hununua na kuhifadhi mahindi kwa fedha ya umma, na hakuna anayeuliza kwa nini. Mwaka 2014 viongozi wa Afrika waliahidi huko Malabo kuipunguza kwa nusu hasara ya baada ya mavuno ifikapo 2025, na mwaka 2019 nchi yetu ikazindua mkakati wake wa miaka kumi juu ya jambo hilo hilo. Mahindi yamepata ghala. Je, mkulima wa nyanya na machungwa si raia? Hata udhuru wa umeme umepungua, kwani bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limeanza kuzalisha tangu mwaka 2024.

Wala hatusemi watu wakae wakisubiri. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria, alipata Tuzo ya Rolex ya mwaka 2000 kwa kueneza vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine na mchanga wenye maji katikati, vinavyotunza mboga bila ya umeme. Lakini njia hiyo hufaa zaidi penye hewa kavu kuliko kwenye unyevu wa pwani yetu, na chungu hakibebi mavuno ya kijiji kizima. Jambo lililo nje ya uwezo wa mtu mmoja, na maslaha yake ni ya wote, ni jukumu la mwenye mamlaka.

Kwa hiyo tunaiomba serikali mambo matatu. Kwanza, maghala ya baridi yajengwe karibu na mashamba, na yasimamiwe na wenye ujuzi, kwa sababu nyanya huharibika zikiwekwa chini ya nyuzi joto 10 hivi, ilhali kabichi hutaka ubaridi unaokaribia sifuri. Chumba kimoja hakiwezi kutosheleza yote. Pili, mkulima mdogo apewe nafasi kwanza, alipe kwa kreti na kwa siku, na pawepo ukomo wa siku, ili matajiri wachache wasikodi ghala zima na kuligeuza kuwa chombo cha ihtikari hasa. Tatu, pakiwa na mikopo, isiwe ya riba. Hili linawezekana, kwani mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu hutolewa bila riba kwa mujibu wa sheria. Msaada wenye riba humfungia mlango Muislamu anayemcha Mola wake, kisha huambiwa kuwa hakutaka maendeleo.

Nasi maimamu na walimu tuwe na ujasiri wa kulisema hili kwa madiwani na wabunge wetu, kama tunavyolisema la sinia la walima. Siku ya Kiyama neema itaulizwa kwa aliyeila, na hatudhani kuwa aliyeiacha ioze hali ana uwezo wa kuiokoa atasalimika na swali hilo.

Allah (SW) awawafikishe viongozi wetu, na awabarikie wakulima wetu katika mavuno yao. Wabillahi tawfiq.