Dumu la petroli, delta ya umeme

Dar es Salaam, gari la haibridi ni ghali kulinunua lakini hurudisha gharama kwenye foleni, maana kila ukikanyaga breki betri inachajiwa. Hapa Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, foleni itoke wapi? Huku usafiri mkuu ni boti, na petroli yenyewe huja kwa madumu, nauli ya dumu ikiongezwa juu ya bei kikomo ya EWURA, mdhibiti wa nishati. Lita 20 zina takriban kilowati-saa 180 za nishati. Mashine ya boti hugeuza kama robo kuwa mwendo, iliyobaki ni joto na kelele (kelele tunapewa bure). Mota ya umeme haifuji hivyo, na bwawa la Nyerere, megawati 2,115, liko mto huu huu wa Rufiji. Kuhamia umeme, ningeanza na bodaboda. Boti zisubiri: betri bado nzito, ghali, na haipatani na maji ya chumvi.