MKATABA WA TELEVISHENI PEKE YAKE HAUTOSHI KUMPIMA KIONGOZI WA LIGI

Kila msimu wa ligi kuu unapokaribia, swali lile lile huulizwa Jinja, Bugembe na Mbale, kambini na uraiani: je, wanaoiongoza ligi yetu wanaiongoza vyema? Wengi hujibu kwa kutaja mkataba wa televisheni. Mkataba ukiwa mnono, kiongozi husifiwa. Ukiwa mwembamba, hulaumiwa. Sisi tunaona kwamba kipimo hicho hakitoshi, na mara nyingine hupotosha. Kabla ya kuhesabu fedha, hapana budi tuulize kama kiongozi huyo ameviweka vilabu pamoja, na kama vitabaki pamoja siku mnunuzi wa matangazo atakapoondoka.

Jambo hili linawahusu askari wa jeshi na polisi kwa karibu. Simba, timu ya jeshi, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1972, ikashindwa na Hafia ya Guinea. Polisi walitwaa ubingwa wa Uganda mwaka 2005, na mwaka 2006 wakalichukua kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati. Hapa Jinja, Gaddafi ilipanda ligi kuu mwaka 2021. Vijana waliovaa jezi hizo wana miaka michache tu ya kucheza. Ligi ikivunjika kwa ugomvi wa wakubwa, miaka hiyo hairudi.

Na sisi tumekwisha kuona ligi ikivunjika. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mechi za ligi yetu zilikuwa zikionyeshwa na SuperSport ya Afrika Kusini. Vilabu vilikuwa vimeunda kampuni, Uganda Super League, ili viendeshe ligi na kutafuta fedha vyenyewe. Shirikisho la mpira, FUFA, wakati huo likiongozwa na Ndugu Lawrence Mulindwa, lilishikilia kwamba mwenye ligi ni shirikisho. Mwaka 2012 mzozo ukapasuka. FUFA ikaanzisha ligi yake, na msimu wa 2012/13 nchi moja ikawa na ligi kuu mbili. KCC ilitwaa ubingwa wa ile ya FUFA. SuperSport ikafunga virago.

Kila upande ulikuwa na hoja yake. Vilabu vilisema kwamba wao ndio wanaolipa wachezaji, makocha na mabasi, kwa hiyo haki ya kuuza jasho lao ni yao. Shirikisho lilisema kwamba pasipo mamlaka moja hapana mpira, kwa maana FIFA hutambua shirikisho moja tu katika kila nchi. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Lakini mwananchi aliyekuwa akitazama timu yake kwenye televisheni hakupata faida kwa hoja yoyote kati ya hizo. Alipoteza picha, na vilabu vikapoteza soko.

Ili kuelewa kwa nini ilikuwa hivyo, yafaa kujua kampuni ya televisheni hununua nini. Hailipii dakika 90 za mpira peke yake. Hulipia ratiba: idadi ya mechi, siku na saa zake, viwanja vinavyofaa kwa kamera, na timu zenye watazamaji. Hupeleka magari na mafundi, na huuza nafasi za matangazo ya biashara kabla mpira haujapigwa. Kwa hiyo ratiba ikivurugika, au timu zikigawanyika, kampuni hiyo inakuwa imelipia kitu ambacho haikukipata. Haina sababu ya kungoja wenye nyumba wapatane.

Majirani zetu wa Kenya walipata funzo hilo kwa namna nyingine. Mwaka 2015 nao walishuhudia shirikisho likianzisha ligi yake kando ya ile iliyoendeshwa na kampuni ya vilabu. Mwaka 2017 ligi kuu yao ilipanuliwa kutoka timu 16 hadi 18. SuperSport ikasema kwamba makubaliano yamekiukwa, ikavunja mkataba mwaka huo huo. Kutaka miji zaidi iingie katika ligi kuu si dhambi. Sisi wa mashariki tungekuwa wa kwanza kulitaka. Lakini idadi ya timu ilikwisha kuwa sehemu ya bidhaa iliyouzwa, na anayetaka kuibadilisha bidhaa hiyo sharti kwanza azungumze na aliyeilipia.

Mfano mkubwa kuliko yote unatoka Marekani, ambako michezo ya vyuo vikuu hutazamwa na mamilioni ya watu. Huko vyuo vimejipanga katika ligi, na kila ligi ina kamishna wake. Ligi ya pwani ya magharibi, Pac-12, ilikuwa na mizizi tangu mwaka 1915. Mwaka 2011 kamishna wake, Larry Scott, alipata mkataba wa miaka 12 na kampuni za ESPN na Fox, wenye thamani ya takriban dola bilioni 3. Akasifiwa sana. Mwaka 2012 ligi ikaanzisha televisheni yake yenyewe bila mbia. Lakini DirecTV, mmoja wa wasambazaji wakubwa wa matangazo, haikukubali kuichukua, na mapato yakawa chini ya matumaini.

Scott aliondoka mwaka 2021, akaja George Kliavkoff, mkataba ukiwa umebakiza miaka mitatu. Mwaka 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vikatangaza kuhamia ligi ya Big Ten. Oktoba ya mwaka huo ligi nyingine, Big 12, iliyokuwa nayo imetangaziwa mwaka 2021 kwamba Texas na Oklahoma wanaondoka, ikatia saini haraka. Kamishna wake, Brett Yormark, alikubali dola bilioni 2.28 kwa miaka 6. Viongozi wa Pac-12 wakaendelea kungoja bei bora. Julai 2023 vyuo vingine vikaanza kuhama kimoja baada ya kingine, na ilipofika msimu wa 2024 ligi ile kongwe ilikuwa imebaki na vyuo viwili kati ya 12.

Nani alaumiwe? Ni rahisi kumtwika Kliavkoff mzigo wote, kwa kuwa nyumba ilianguka yeye akiwa ndani. Lakini nyufa zilianza wakati ule wa sifa, na wakuu wa vyuo wenyewe ndio waliokuwa na sauti ya mwisho kuhusu bei. Yormark, kwa upande mwingine, hakupata fedha nyingi kupita wote. Alichofanya ni kuwapa wanachama wake uhakika wakati kila mtu alikuwa akitazama mlango. Katika vita pia, kamanda anayetuliza kikosi kilichoshtuka hufanya kazi kubwa kuliko yule anayeahidi silaha ambazo hazijafika.

Sasa turudi nyumbani. Baada ya mwaka 2013, FUFA ikiwa chini ya Mheshimiwa Moses Magogo, ligi ilirudi kuwa moja. Azam ikaja, ikaondoka. Mwaka 2018 ukatiwa saini mkataba na StarTimes wa miaka 10, wenye thamani ya dola milioni 7.24, ukihusisha pia ligi ya daraja la pili. Hata tukichukulia kwamba fedha zote zingegawiwa sawa kwa timu 16 za ligi kuu peke yake, kila timu ingepata dola 45,250 kwa mwaka. Mwaka 2021 Tanzania ilipata kutoka kwa Azam mkataba wa miaka 10 wa shilingi za Tanzania bilioni 225.6, yaani zaidi ya mara kumi ya ule wetu.

Tusiharakishe kumhukumu mtu kwa tofauti hiyo. Tanzania ina Simba na Yanga, ambazo mashabiki wao wamejaa nchi nzima na hata nje ya mipaka. Aidha, mwaka 2018 sisi tulikuwa wauzaji ambao wanunuzi wawili walikuwa wamekwisha kutuacha katika muda wa miaka michache. Muuzaji wa namna hiyo hapangi bei. Lililo haki kumwuliza kiongozi ni kama miaka hii 10 imetumika kujenga upya imani: mechi kuchezwa kwa ratiba, viwanja kutengenezwa, hesabu za mgawo kuwekwa wazi mbele ya kila klabu.

Kwa kipimo hicho, mwaka 2025 ulitutia wasiwasi. FUFA ilitangaza mfumo mpya wa ligi wa awamu tatu, ambamo timu zingetengwa katika makundi kufuatana na nafasi zao. Vilabu na mashabiki wengi walipinga, Vipers, waliokuwa mabingwa, wakiwa mstari wa mbele. Na mwenye Vipers ni nani? Ni Ndugu Mulindwa yule yule aliyeiongoza FUFA mwaka 2012 ilipovitaka vilabu vitii. Hatusemi hivyo kwa kumkejeli mtu. Tunasema kwa sababu inaonyesha kwamba ugomvi huu si wa tabia za watu wawili. Aketiye katika kiti cha shirikisho huiona amri. Aketiye katika kiti cha klabu huuona mshahara wa mwisho wa mwezi. Kiongozi bora wa ligi ni yule anayeketi katika viti vyote viwili kabla ya kutoa tangazo.

Upande wetu wa mashariki una sababu ya pekee ya kulishughulikia jambo hili. BUL ya Jinja iliifunga Vipers 3-1 katika fainali ya Kombe la Uganda mwaka 2022. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba mpira haupo huku. Lakini kamera hufuata uwanja wenye nyasi nzuri, taa na barabara. Timu ya Mbale ikienda Kampala husafiri zaidi ya kilomita 200, na mafuta ya basi hayapungui bei kwa sababu timu ni changa. Mkataba ukiangalia timu zinazoonekana mara nyingi tu, uwanja wa Kyabazinga hapa Bugembe na ule wa Mbale vitabaki nje ya picha, na vijana wetu wataendelea kupanda basi la Kampala wakatafute timu huko.

Kwa hesabu ya maandishi yake, mkataba wa 2018 unafikia mwisho mwaka 2028. Mazungumzo ya mkataba utakaofuata hayaanzi siku ya kutia saini. Yanaanza kwa sifa ambayo ligi inajijengea sasa. Vilabu vya jeshi na polisi, kwa kuwa vinatoka katika vyombo vyenye nidhamu, vina wajibu wa kuonyesha njia: vidai hesabu kwa maandishi na katika vikao, vicheze mechi zao, na vikatae kuwa mtaji wa kundi lolote linalotaka kuigawa ligi. Tembo wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi, na katika mpira nyasi hizo ni wachezaji. Basi kiongozi atakayekuja mbele yetu mwaka 2028 akiwa na karatasi yenye tarakimu kubwa, tumpongeze, kisha tumwulize ni vilabu vingapi vilivyokubaliana naye kabla hajaitia saini.