Mazungumzo ya Jamaa: Mkaguzi wa Shule Katika Nchi ya Theluji

Mwezi huu twataka kuwachukua safari ya mbali, mpaka Alaska, iliyo pembeni mwa Amerika upande wa kaskazini na magharibi. Ni karibu sana na Asia, hata mtu asimamaye katika kijiji cha Wales siku ya mbingu safi huiona nchi ya ng'ambo kwa macho yake. Marekani waliinunua kwa Warusi mwaka wa 1867. Kaskazini kabisa kuna mji ulioitwa Barrow, nao siku hizi waitwa Utqiaġvik. Huko jua likitua katikati ya Novemba halionekani tena ila kwa mwisho wa Januari, na bahari huganda ikawa ngumu kama jabali, watu wakapita juu yake kwa miguu.

Mwaka wa 1885 serikali ya Marekani ilimweka Sheldon Jackson, mchungaji wa kanisa la Presbiteri, awe mwangalizi wa shule zote za nchi hiyo. Alikuwa mfupi wa kimo, mwenye miwani, asiyejua kuchoka. Sheria ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeagiza watoto wote wafundishwe pasipo kubagua kabila, lakini fedha iliyotolewa ilikuwa dola 25,000 tu, kwa nchi ipitayo Kenya na Tanzania zikiunganishwa. Basi Bwana Jackson akayaendea makanisa, naye akayagawia pwani ile kama mtu agawaye mashamba. Wapresbiteri wakapata Barrow, Waepiskopali wakapata Point Hope, Wakongregesheni wakapata Wales. Wamoravia walikwisha kutangulia kando ya mto Kuskokwim, mahali walipopaita Bethel, katika mwaka uo huo wa 1885. Nao ni wa kanisa lile lile ambalo watu wake walifika Rungwe mwaka wa 1891.

Mwaka wa 1890 Jackson akapanda merikebu ya serikali iitwayo Bear, kwenda kuweka walimu pwani ya kaskazini. Nahodha wake aliitwa Michael Healy, na habari zake hatuwezi kuzipita. Alizaliwa Georgia mwaka wa 1839. Baba yake alikuwa Mwairishi mwenye shamba, mama yake mtumwa mwenye damu ya Kiafrika. Sheria za Georgia zilikataza mtumwa kufundishwa kusoma, basi baba akawapeleka wanawe kaskazini wapate elimu. Kaka yake mmoja akawa askofu, mwingine akawa mkuu wa chuo cha Georgetown. Watu wengi wa siku zile hawakuijua asili ya nahodha huyo, lakini leo Marekani wana merikebu kubwa ya kuvunja barafu yenye jina lake.

Sasa, mkaguzi huyu aliona nini? Hapa twaomba mfikiri pamoja nasi. Merikebu haiwezi kupenya barafu ila wakati wa hari, nao ni mfupi mno. Na wakati wa hari ndio watu wa huko huvua samaki na kuwinda, na watoto hufuata wazazi wao. Kwa hiyo mara nyingi mkaguzi aliiona nyumba ya shule, akamwona mwalimu na daftari lake, akayaona makaa ya mawe na unga vikiteremshwa kwa mashua. Shule yenyewe, yaani watoto wakisoma gizani mwa mchana kwa mwanga wa taa, hiyo hakuiona. Taarifa zake kwa serikali ni ndefu, na twazistahi kwa bidii yake. Lakini ambaye hakusikia mtoto akilisoma somo lake hana budi kuandika mengi juu ya paa na madirisha.

Kule Point Hope mwalimu wa kwanza alikuwa daktari, John Driggs. Siku aliyofungua shule akaja kijana mmoja peke yake. Mwalimu akamfundisha, na saa ya kwenda nyumbani ilipofika akampa chapati za maji zilizobaki katika chakula chake cha asubuhi. Kesho yake yule kijana akaja na wenzake. Siku zilizofuata wakazidi. Sisi tuliowahi kufundisha chini ya mwembe twaijua sana dawa hiyo.

Wala haikuwa mzaha, kwa maana njaa ilikuwapo. Wageni wenye merikebu walikuwa wamewaua nyangumi na wanyama wa baharini kwa wingi, hata wenyeji wakapungukiwa. Healy na Jackson walikuwa wameona ng'ambo, Siberia, watu wanaofuga mnyama mfano wa kulungu, mwenye pembe kubwa, alaye kuvumwani chini ya theluji, wakila nyama yake na kuvaa ngozi yake. Baraza la Marekani lilipomnyima fedha, Jackson akawaomba wasomaji wa magazeti. Mwaka wa 1891 wakaletwa wanyama 16, mwaka wa 1892 wakaletwa 171, na mpaka 1902 jumla yao ilikuwa 1,280. Vijana wakawekwa kujifunza uchungaji, na shule ikawa zizi pia. Twaona hilo ndilo jambo jema kuliko yote aliyoyafanya.

Lakini liko jambo jingine. Jackson aliamini ya kuwa mtoto hataelimika mpaka aiache lugha ya mama yake, na katika shule za serikali Kiingereza tu ndicho kilichoruhusiwa. Watoto wengi waliadhibiwa kwa kunena lugha ya nyumbani. Wako walioshwa vinywa kwa sabuni, kana kwamba neno la mama ni uchafu. Wazee wetu waliovikwa kibao shingoni kwa kosa hilo hilo hawatahitaji kuelezwa zaidi. Na wako wazazi siku hizi, hata miongoni mwa jamaa zetu, wanaojivika kibao wenyewe: hawamsemeshi mtoto ila kwa Kiingereza, na bibi yake akija kumtembelea hukaa kimya kama mgeni. Mzazi wa namna hii husema anamtakia mtoto mema, nasi twamwamini. Jackson naye aliwatakia mema. Tarehe 21 Januari 2008 alifariki Marie Smith Jones, mtu wa mwisho aliyekuwa na Kieyaki kwa lugha ya mama. Siku ile lugha nzima ikabaki vitabuni.

Kule Bethel mambo yalikwenda njia nyingine. John Kilbuck, mmoja wa Wamoravia wa kwanza, mwenyewe Mhindi wa kabila la Lenape, alijifunza Kiyupiki akahubiri kwacho. Akatokea msaidizi mmoja, mwenyeji, jina lake Uyaquq, ambaye wageni walimwita Helper Neck. Hakujua kusoma Kiingereza. Alitaka kukumbuka maneno ya Maandiko apate kuyafundisha vijijini, basi akaanza kuchora picha. Picha zikawa nzito, akatunga alama za silabi, akazisahihisha mwaka kwa mwaka mpaka akapata maandishi yanayoweza kuandika kila kitu kinenwacho kwa Kiyupiki. Hakufundishwa kazi hiyo na mkaguzi wala na chuo. Alifariki mwaka wa 1924, na madaftari yake yamehifadhiwa.

Mwaka wa 2014 jimbo la Alaska likazitambua lugha 20 za wenyeji kuwa lugha za serikali pamoja na Kiingereza. Na huko Bethel iko shule iitwayo Ayaprun Elitnaurvik, ambamo watoto wadogo huanza masomo yao kwa Kiyupiki.