Chama Kisiwe Kadhi wa Nafsi Yake

Tangu tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu dhima ya vyama vya vijana katika kuwakinga watoto na udhalilishaji, barua nyingi tulizopokea zimeshughulika na jambo ambalo, kwa rai yetu, lilistahili mistari michache tu: kama ni adabu kumpekua mtu aliyejitolea, kumdai hati ya polisi, na kumkataza asibaki peke yake hemani na mtoto wa mwenziwe, ilhali mtu huyo hataki ujira ila radhi za Mungu na shukrani za wazazi. Waandishi wa barua hizo ni watu wa murua, na baadhi yao wamewalea vijana wetu katika uskauti, madrasa, kwaya na viwanja vya mpira. Walakini tumechoshwa na mjadala unaoizunguka heshima ya mlezi kana kwamba yeye ndiye aliye hatarini. Maskauti wa Marekani waliifanya kuwa sharti, tangu mwaka 1987, kwamba kila safari iwe na watu wazima wawili, na hatujasikia kambi iliyoshindwa kuwasha moto kwa sababu hiyo.

Kisa cha maskauti hao wasomaji wetu wanakijua, lakini aghalabu husimuliwa kombo, kana kwamba chama kikubwa kilighafilika na waovu wakapenya gizani. Hakikughafilika. Tangu miaka ya 1920 makao makuu yao yaliweka majalada ya siri ya watu waliokataliwa kushika uongozi, mengi yakiwa ya wanaume waliotuhumiwa kuwanajisi wavulana. Na ilipofichuka mwaka 2019 kwamba mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Virginia, ambaye chama chenyewe kilimpa kazi ya kuyapitia majalada ya kuanzia 1944 hadi 2016, alihesabu humo watuhumiwa 7,819 na watoto 12,254, hapakubaki nafasi ya mtu kusingizia ujinga. Gazeti la Los Angeles Times, lilipochunguza majalada kiasi cha 1,600 mwaka 2012, lilikuta visa zaidi ya 500 ambavyo chama kiliarifiwa na watoto, wazazi, watumishi wake au barua zisizo na jina. Na katika visa kama 400 kati ya hivyo hapakuwa na alama yoyote kwamba polisi waliambiwa. Huko Portland msaidizi mmoja wa kiongozi alikiri mwaka 1983, mbele ya mkuu wa kanisa lililodhamini kikosi, kwamba amewadhulumu wavulana 17, naye akaachwa akaendelea kuchanganyika na watoto, hata mmoja wa waliodhulumiwa baadaye akakishtaki chama na kushinda mwaka 2010, dola milioni 18.5 zikitozwa kuwa adhabu peke yake.

Hoja yetu iko hapa, nayo tunaomba ruhusa ya kuikalia kitako. Dhima ya kwanza ya chama cha vijana, iliyo mbele ya semina, mabango na viapo, ni kujivua madaraka ya kuamua mashtaka yanayowahusu watu wake. Chama kinachopokea shtaka juu ya kiongozi wake, kikalichunguza chenyewe, kikalihukumu chenyewe, kisha kikaifungia hukumu ndani ya kabati lake, kimekwisha kosa hata ikiwa hukumu yenyewe ni ya insafu, kwa kuwa adhabu kubwa kuliko zote iliyo mkononi mwake ni kumfukuza mtu, na mtu aliyefukuzwa kimyakimya huchukua kilemba chake akahamia mtaa wa pili, ambako hapana aliyepata kulisoma jalada. Mtoto hana mahali pa kukata rufani. Hata mtuhumiwa asiye na hatia, ambaye barua zetu zinamwonea huruma sana, hutendewa vibaya katika siri hiyo. Maana katika majalada yale wengi hawakufikishwa mahakamani kamwe, na aliyesingiziwa aliweza kuandikwa jina lake bila ya kuulizwa wala kujitetea, likabaki humo. Wazee walikwisha sema juu ya kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani, na hatuoni kwa nini sare na skafu zibadili hukumu hiyo.

Wapo watakaotukumbusha sitara, kwamba mwungwana humfunika mwenziwe aliyeteleza, na kwamba kumwanika mtu ni fedheha kwa jamaa wote. Tunaiheshimu sitara, na hatutaki iondoke katika maisha ya pwani. Lakini sitara ni stahili ya mtu aliyekosa baina yake na Mola wake; palipo na haki ya mja iliyovunjwa, msamaha ni mali ya aliyedhulumiwa, na hapana mwenyekiti, padri, maalimu wala kamati inayoweza kuutoa kwa niaba yake. Kikao kinachokaa usiku baina ya wazee wa pande mbili, kikapokea fidia na kuandikiana karatasi kwamba mambo yamekwisha, kimeuza kitu kisichokuwa chake. Tena, kwa upande wa Tanzania Bara, kimeivunja sheria. Maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemwajibisha kila mwanajamii mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe habari hiyo kwa serikali ya mahali hapo, wala haikusema aipeleke kwanza kwa katibu wa chama. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka huohuo ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walipatwa na udhalilishaji wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ipo na habari ipo. Kinachokosekana ni chama kilicho tayari kupoteza jaha yake.

Mwandishi wa makala ya pili anatupinga, naye amestahili kujibiwa. Anatukumbusha kwamba chama cha jimnastiki cha Marekani kilichelewa kiasi cha wiki tano mwaka 2015 kabla ya kulipeleka shauri la tabibu wake Larry Nassar, aliyetuhumiwa kuwadhulumu wasichana, kwa wapelelezi wa FBI, lakini FBI nayo ililala, na wasichana wakaendelea kudhulumiwa. Basi kuna faida gani kulitoa shauri nje ikiwa huko nje pia wamesinzia? Jibu letu ni kwamba uzembe wa dola una mkaguzi. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria aliuanika mwaka 2021 kwa ripoti iliyosomwa na kila aliyetaka, na mwaka 2024 serikali ikakubali kuwalipa waliodhulumiwa dola milioni 138.7. Majalada ya maskauti yalikaa miongo mingi bila mkaguzi, mpaka Mahakama Kuu ya jimbo la Oregon ilipoamuru mwaka 2012 kwamba zaidi ya 1,200 yawekwe wazi.

Makala ya kwanza, juu ya tume ya Australia iliyochunguza udhalilishaji wa watoto katika taasisi, iliyofanya kazi kutoka 2013 hadi 2017 na kutoa mapendekezo 409, isomwe na kila mwenye kutunga kanuni, hasa pale inapokumbusha kwamba aliyedhulumiwa alikaa, kwa wastani, karibu miaka 24 kabla ya kusema; anayeweka ukomo wa miaka michache wa kupokea mashtaka amekwisha chagua upande. Makala ya tatu, inayotaka watoto wafundishwe kusema hapana, imeandikwa kwa upole mwingi, ila inamtwisha mtoto wa miaka minane kazi iliyowashinda watu wazima wenye makatibu na mawakili. Ya nne inahusu miaka ya mwisho ya Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, huko Nyeri, nayo ina picha nzuri.

Wapo wanaopenda kulimaliza somo hili kwa hesabu: kwamba maskauti wa Marekani waliofichaficha ili kulilinda jina waliishia kuomba hifadhi ya sheria ya mufilisi Februari 2020, wakadaiwa na watu zaidi ya 82,000, wakafunga mapatano ya dola bilioni 2.46. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini hatuitegemei, kwa sababu anayeacha dhulma kwa kuogopa hasara atairudia siku atakapoona faida, na siri ile ingekuwa hiana hata kama ingaliwatajirisha.

Tunavialika vyama vituletee kanuni zao kwa toleo lijalo. Kanuni itakayotaja, kwa cheo na mahali, mtu wa nje atakayepokea shtaka siku ileile lililosemwa, kabla ya kamati kukutana, tutaichapa yote bila kupunguza neno. Chama kitakachotuletea kurasa arobaini juu ya tabia njema za kiongozi kituwie radhi mapema, kwa kuwa nafasi hatutakuwa nayo.