Kazi za Mashirika Mkoani Simiyu: Mradi Hukwisha, Amana Hubaki



Shukrani zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Baada ya hayo, ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo twapenda kulitazama jambo linalozungumzwa katika nyumba nyingi za Mkoa wa Simiyu, kuanzia Bariadi mjini hadi Lamadi, Maswa na Mwanhuzi. Jambo lenyewe ni ajira katika mashirika yasiyo ya kiserikali: zapatikanaje, zadumu muda gani, na mzazi amshauri nini kijana wake anayezitafuta.

Mkoa huu ni mchanga. Ulizaliwa rasmi mwaka 2012 ukiwa na wilaya za Bariadi, Maswa, Meatu na Itilima kutoka Shinyanga, pamoja na Busega iliyotoka Mwanza. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 2,140,497. Katika miaka kumi, basi, imeongezeka zaidi ya nusu milioni ya watu, na wengi wao ni watoto na vijana. Kijana wa hapa akimaliza chuo huona milango mitatu mbele yake: serikali, pamba na biashara, au shirika. Mlango wa kwanza una foleni ndefu. Wa pili humtegemea Mwenyezi Mungu kwa mvua na soko kwa bei. Ndiyo maana wa tatu umependwa sana, kwani mshahara wake huja kwa tarehe, na jina lake lasikika vizuri kwa jamaa na majirani.

Mlango huo ulitikisika mwaka 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo, Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mwezi Machi, Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo alitangaza kuwa asilimia 83 ya programu za shirika la misaada la USAID zimefutwa, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lenyewe likawa limekoma, kazi zilizosalia zikahamishiwa katika wizara. Nchini mwetu miradi mingi iliyotegemea fedha hizo, hasa ya afya, ilisimama au ikapunguzwa, na watumishi waliokuwa na mikataba halali mkononi wakapokea barua za kurudi nyumbani. Hawakuiba wala hawakuzembea. Uamuzi uliowaondoa ulifanyika mbali, na waliouamua hawakuwajua.

Kwa hiyo swali la familia si tena nafasi zatangazwa wapi peke yake. Hapana budi tuulize kazi hizi ni kitu gani hasa, ili tuziendee kwa macho yaliyo wazi.

Kazi ya shirika aghalabu ni kazi ya mradi. Mfadhili hutoa fedha kwa lengo maalumu, mahali maalumu na kwa muda maalumu, mara nyingi miaka mitatu hadi mitano. Shirika huandika bajeti, na ndani ya bajeti hiyo huwekwa idadi ya watumishi: mratibu, mhasibu, afisa ufuatiliaji na tathmini, wawezeshaji wa vijijini, dereva. Muda ukiisha, nafasi hizo huisha pamoja nao, hata kama aliyezishika alifanya kazi kwa uhodari. Mfano wa karibu ni mradi wa afya ya mama na mtoto ulioitwa Uzazi Uzima, uliotekelezwa Simiyu na Amref na washirika wake kwa fedha za Kanada. Ulikuwa na mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha. Mkulima wa pamba haoni ajabu katika hili, kwani yeye hapandi akidhani msimu utakuwa wa milele. Tatizo ni kwamba familia nyingi humpokea kijana wa mradi kana kwamba ameajiriwa hadi uzeeni: nyumba huanzishwa, mkopo wenye riba huchukuliwa, na wadogo zake wote huhamishiwa shule za kulipia katika mwaka wake wa kwanza kazini.

Je, kwa kuwa mradi hukwisha, kazi hizi hazina maana? La hasha. Historia ya eneo letu yenyewe yatoa jibu.

Wazee wa Usukuma wanazijua ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa mvua zinapoanza ili yafunguliwe wakati wa kiangazi kikali. Desturi hiyo ilififia sana kwa miaka mingi, miti ikakatwa na ardhi ikabaki tupu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ambao ulipata msaada wa Norway. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Watumishi wa mradi hawakuja na jambo geni. Waliwarudisha watu katika ngitili zao, na sheria za kuzilinda zikapitia katika mabaraza ya kimila yanayoitwa dagashida pamoja na serikali za vijiji. Ngitili zilizokuwa hekta mia kadhaa tu mradi ulipoanza zilifikia zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mradi wa HASHI ulifungwa mwaka 2004. Magari yake yaliondoka na mikataba ikaisha. Lakini ngitili hazikuondoka na magari, kwa sababu zilikuwa na wenyewe. Hapa ndipo tunapoiona tofauti kati ya kazi inayokufa na mfadhili wake na kazi inayobaki. Kazi hubaki pale inapokabidhiwa kwa watu wanaoweza kuiendeleza, na mtumishi naye hubaki na thamani pale anapoondoka na ujuzi ambao hauna nembo ya shirika lolote.

Kutokana na hayo, tuna nasaha kwa mzazi na kijana anayelijibu tangazo la kazi.

Kwanza, na aulize kabla ya kutia saini. Fedha za nafasi hii zatoka kwa nani, na zaisha lini? Mchango wa NSSF wapelekwa kila mwezi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na inaweka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. NSSF nayo ina fao la kukosa ajira: aliyechangia si chini ya miezi 18 na kazi ikakoma bila yeye mwenyewe kujiuzulu, aweza kulipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Wengi hawaijui haki hii mpaka siku ya kuihitaji, na wengine huikosa kwa kuwa mwajiri alikata mchango bila kuuwasilisha. Kijana na aikague akaunti yake ya uanachama mapema. Kufanya hivyo si utovu wa adabu kwa mkubwa wake wa kazi.

Pili, na ajihadhari na matapeli. Kila uhaba wa kazi huleta matangazo ya uongo. Shirika la kweli halimtozi mwombaji fedha za fomu, za usaili wala za "mafunzo ya kuanzia". Anayetaka kutumiwa fedha kwa simu ili "ahifadhi nafasi" ni mwizi, hata akitumia jina na nembo ya shirika kubwa. Njia ya kuthibitisha ni rahisi: ofisi za maendeleo ya jamii za halmashauri na mkoa huyajua mashirika yanayofanya kazi katika eneo lao, kwa kuwa mashirika hayo hutakiwa kujitambulisha huko.

Tatu, na achague kazi itakayomwachia fani. Kuandika hesabu zinazokubalika kwa mkaguzi, kukusanya takwimu za kaya na kuzichambua, kuendesha mkutano wa kijiji bila kumdhalilisha mnyonge, kuandika taarifa fupi iliyo ya kweli: haya yote hutafutwa na serikali, na vyama vya ushirika, na wafanyabiashara. Siku hizi mtoto wa Simiyu hana haja ya kwenda mbali kuianza safari hiyo, maana Chuo cha Usimamizi wa Fedha kina kampasi katika mkoa huu. Mwenye fani hupata pa kuishika tena. Mwenye fulana ya mradi pekee hubaki na fulana.

Tukija kwenye mikutano na makongamano ya kitaaluma, hapa pana neno la kusema. Viwanja vya Nyakabindi, nje kidogo ya Bariadi, vilikuwa mwenyeji wa maonesho ya kitaifa ya Nane Nane mwaka 2018, 2019 na 2020. Wiki ya Asasi za Kiraia, iliyoanza mwaka 2018 jijini Dodoma, imefanyika huko na baadaye Arusha. Lipo pia Jukwaa la Mwaka la Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, ambamo serikali na mashirika hukutana. Kwa bahati mbaya, utamaduni wa posho umeharibu sehemu ya mikutano hii. Wapo wanaohesabu semina kwa bahasha na wasiokumbuka hata mada. Kijana anayetafuta kazi na aende kwa nia nyingine: awasikilize wanaofanya kazi anayoitaka, awaulize walianzaje, aandike ni wilaya gani inaanza mradi gani. Nafasi ndogo ndogo za kujitolea aghalabu hujulikana hapo kabla hazijatangazwa.

Tusiwasahau binti zetu. Kazi nyingi za mashirika vijijini huwahusu kina mama na watoto, na kwa hiyo huhitaji wanawake. Hata hivyo mabinti wengi wenye sifa hukataliwa na nyumbani kwa sababu kazi ina safari na kulala nje. Hofu ya mzazi ina msingi, wala hatuibezi. Lakini dawa yake si kumfungia binti elimu yake. Mzazi aweza kuuliza wafanyakazi wanawake hulala wapi, husafiri na nani, na kama shirika lina utaratibu wa kupokea malalamiko ya unyanyasaji. Shirika lenye maadili hujibu maswali haya bila kununa; lisiloweza kuyajibu, ni afadhali binti asiende.

Je, mlango wa mashirika umefungwa? Haujafungwa, bali umebadilika. Mradi mkubwa wa kuyafikisha maji ya Ziwa Victoria katika wilaya zote tano za Simiyu, ulioidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 na kuungwa mkono na Ujerumani, waonesha kuwa fedha za nje bado zina njia nyingine za kuja. Serikali nayo ilizindua mwezi Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye shabaha ya kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima. Kazi ambayo miaka mingi ilifanywa na wawezeshaji wa miradi sasa yaanza kuwekewa mizizi ndani ya mfumo wa nchi. Kwa wanaotaka kujitegemea, ipo mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwezi Aprili 2023, kisha ikarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/2025, nayo haina riba. Kijana aliyefanya kazi ya mradi anajua kuandika mpango na kuweka kumbukumbu. Kikundi kitakachompata mtu wa namna hiyo kimepata hazina.

Na sisi Waislamu tunao urithi unaolihusu jambo hili moja kwa moja, nao ni wakfu. Kabla mashirika ya leo hayajajulikana, shamba au nyumba ya kupangisha iliwekwa wakfu, na pato lake likamlipa mwalimu na kumlisha yatima mwaka baada ya mwaka. Ajira iliyosimama juu ya pato la namna hiyo haitetemeki kwa uchaguzi wa nchi ya mbali. Misikiti yetu mingi ina viwanja mjini vinavyoota nyasi. Je, hatuwezi kukaa na kamati zetu, tukawaita vijana wetu waliorudi kutoka kwenye miradi, wakatuandikia mpango wa mashine ya kukoboa mpunga, zahanati ndogo au vyumba vya kupangisha, kwa hesabu zinazosomwa mbele ya watu wote? Hesabu za wazi ndizo zitakazowafanya watu watoe, kwa maana wengi hawajakataa kutoa. Wamekataa kutoa wasipojua fedha zimekwenda wapi.

Tumalizie kwa kukumbushana kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Alipojitolea kuzisimamia hazina za Misri, alijieleza kwa sifa mbili: kuwa ni mlinzi na kuwa ni mjuzi. Amana pasipo ujuzi huharibu mali kwa wema, na ujuzi pasipo amana huiiba kwa ustadi. Kisha katika miaka saba ya neema hakuwaacha watu wale kila walichovuna, bali alihifadhi kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Familia yenye kijana anayelipwa na mradi leo imo katika miaka ya neema. Na iweke akiba sasa, ilipe madeni sasa, isomeshe sasa, maana tarehe ya mwisho imeandikwa ndani ya mkataba wenyewe.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu riziki ya halali, na awajaalie wawe walinzi na wajuzi wa kile wanachokabidhiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.