Neva si waya, jamani!

Wiki jana binamu yangu, ambaye ana kifafa, aliniambia ameacha dawa. Kisa? Jamaa mmoja mwenye digrii ya tarakilishi kama yangu alimweleza kwamba ubongo ni tarakilishi, neva ni waya, na waya zake zimepiga shoti. Sasa kidonge kitarekebishaje waya? Ukimwamini huyo jamaa, binamu ana haki ya kuuliza. Ndiyo maana leo nina hasira.

Wenzangu waandishi wa programu, tukome. Ndani ya waya wa shaba, elektroni husukumana kutoka ncha hii kuelekea ile. Seli ya neva haifanyi hivyo. Ina utando mwembamba: nje sodiamu imejaa, ndani potasiamu imejaa. Pampu ya protini hulinda tofauti hiyo, ioni 3 za sodiamu nje, 2 za potasiamu ndani, usiku na mchana. Seli ikitulia, ndani huwa chini ya nje kwa takriban milivolti 70.

Kwenye utando huo kuna milango midogo ya protini. Volti ikipanda kiasi, milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu humiminika ndani, volti hupanda zaidi na kufungua milango ya jirani. Baada ya kama milisekunde moja hiyo hujifunga, potasiamu hutoka kupitia milango yake, na utulivu hurudi. Yaani ishara huzaliwa upya hatua kwa hatua. Ndiyo sababu hata neva zetu za kasi kabisa hufika mita 120 hivi kwa sekunde, mwendo ambao ni wa konokono ukilinganisha na stima kwenye waya.

Haya si maoni yangu. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipima neva nene ya ngisi huko Uingereza, wakachapisha milinganyo yake mwaka 1952. Tarakilishi ya Cambridge ilikuwa imezimwa ikifanyiwa marekebisho, kwa hivyo Huxley alipiga hesabu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono! Mwaka 1963 walipata Tuzo ya Nobel.

Wala si mambo ya maabara tu. Sumu ya samaki bunju huua kwa kuziba milango ya sodiamu. Ganzi ya daktari wa meno huiziba pia, ila mahali padogo. Na kabamazepini, dawa ya kifafa? Hushikilia milango iliyojifunga ikawie kufunguka tena, ili seli zisifyatue ishara mfululizo kama zinavyofanya mtu anapoanguka. Kidonge kina kazi, na kazi yake inajulikana.

Nilimchorea binamu milango hiyo kwenye karatasi. Jana alirudi kliniki, na daktari ndiye atakayeamua, si mimi.

Programu ikianguka unaiwasha upya. Mtu akianguka kando ya jiko, je? Kama una mfano bora kuliko waya, ulete. Kama huna, nyamaza.